Tiba ya Mionzi: Namna ya Kuyakabili Madhara ya Mwili na ya Moyo

Ukilala kwenye kitanda cha mashine ya mionzi ya kutibu saratani huhisi kitu. Hakuna moto wala mchomo, na mionzi yenyewe hutoka kwa dakika chache tu, ingawa kukulaza na kukupanga sawasawa kunaweza kufanya utumie robo saa au nusu saa chumbani. Wagonjwa wengi humaliza wiki ya kwanza wakiwa na nguvu zao, wakadhani wameepuka madhara. Bado hayajaanza. Kwa kawaida hujitokeza wiki ya pili au ya tatu, huongezeka kadiri dozi zinavyojumlishwa, hufika kilele karibu na mwisho au wiki moja hadi mbili baada ya dozi ya mwisho, kisha hupungua kwa wiki nne hadi sita.

Ukijua sababu ya kuchelewa huku hutashtuka. Mionzi huharibu vinasaba vilivyo ndani ya seli, lakini seli iliyoharibiwa mara nyingi haifi palepale. Hufa pale inapojaribu kugawanyika. Utando wa mdomo, utumbo na ngozi hugawanya seli zake upesi, kwa hiyo huumia mapema na pia hupona mapema. Mishipa midogo ya damu, mapafu na neva hugawanya polepole, na madhara yake yanaweza kuonekana miezi au hata miaka baadaye.

Jambo la pili la kujua ni kwamba mionzi huathiri pale inapopita. Anayepigwa mionzi ya nyonga hapotezi nywele za kichwani, na anayepigwa ya titi hapati kuharisha kwa sababu ya mionzi hiyo. Uchovu peke yake ndio huvuka mipaka na kumpata karibu kila mtu.

Na la tatu, ambalo ndilo kubwa kuliko yote katika mwongozo huu: usivumilie kimya. Karibu kila dhara lina dawa au mbinu ya kulipunguza, na hufanya kazi vizuri zaidi linapokuwa bado dogo. Anayeficha maumivu ya koo hadi ashindwe kumeza hatimaye hukosa siku za matibabu, na siku zilizokosekana huipa saratani nafasi ya kukua tena katikati ya tiba. Kwa saratani ya kichwa na shingo na ya shingo ya kizazi jambo hili ni zito mno. Kwa shingo ya kizazi, lengo ni matibabu yote, pamoja na mionzi ya ndani (ambayo chanzo chake huwekwa ndani ya mwili, karibu na uvimbe), yaishe ndani ya wiki nane. Ukikosa siku moja kwa sababu yoyote, piga simu kliniki siku hiyohiyo ili wapange namna ya kuifidia.

Kabla ya dozi ya kwanza

Siku ya upangaji utapigwa picha ya CT ukiwa umelazwa mkao uleule utakaolazwa kila siku, na ngozi yako itawekwa alama za wino au vidoti vidogo vya kudumu. Alama za wino zisisuguliwe. Zikififia waambie wahudumu wa mashine, usijichoree mwenyewe, kwa sababu milimita chache zinatosha kuhamisha mionzi mahali pasipotakiwa.

Kuna mambo ya kusema siku hiyo hata usipoulizwa. Kama una kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo, kama umewahi kupigwa mionzi mahali popote mwilini, kama kuna uwezekano wa ujauzito, na dawa zote unazotumia, za mitishamba zikiwemo. Virutubisho vya vidonge vya kuzuia uharibifu wa seli, vikitumika kwa dozi kubwa, vinaweza kuilinda saratani pamoja na seli zenye afya. Acha hadi daktari wa saratani aseme.

Uzazi uzungumzwe kabla, si baada. Mionzi ya nyonga inaweza kusimamisha kazi ya mifuko ya mayai na kumletea mwanamke ukomo wa hedhi mapema, na mionzi inayofika kwenye korodani hupunguza au kuondoa mbegu. Kuhifadhi mbegu au mayai, au kuhamisha mifuko ya mayai kwa upasuaji iwe nje ya njia ya mionzi, vinawezekana tu kabla ya kuanza.

Mwenye saratani ya kichwa au shingo amwone daktari wa meno kwanza. Meno mabovu yaliyo ndani ya eneo la mionzi hung'olewa wiki mbili hadi tatu kabla, ili kidonda cha fizi kifunge. Mfupa wa taya uliopigwa dozi kubwa hupoteza sehemu ya mishipa yake ya damu, na jino likija kung'olewa baadaye kidonda kinaweza kukataa kupona, mfupa ukaanza kufa.

Kama unavuta sigara, hizi ndizo siku za kuacha. Moshi hupunguza oksijeni inayofika kwenye uvimbe, na seli yenye oksijeni kidogo huihimili mionzi zaidi. Vidonda vya mdomo na ngozi navyo huwa vikali zaidi kwa mvutaji.

Mwisho, tafuta daftari. Kila jioni andika maumivu kwa alama ya 0 hadi 10, uchovu kwa 0 hadi 10, umepata choo mara ngapi, umekula nini, na moyo wako ulikuwaje siku hiyo, nao kwa 0 hadi 10. Pima uzito mara moja kwa wiki, mizani ileile, saa ileile. Nenda nalo kwa daktari kila wiki. "Najisikia vibaya" ni kauli ngumu kuitibu. "Maumivu yamepanda kutoka 3 hadi 7 tangu Jumanne" huandikiwa dawa papo hapo.

Hofu ya chumba na ya barakoa

Hofu ya siku za kwanza ina mahali pake: mlango mzito unafungwa, watu wote wanatoka, unabaki na mashine inayokuzunguka. Kumbuka kwamba wanakuona kwa kamera na kukusikia muda wote, na mionzi inaweza kusimamishwa wakati wowote. Kubalianeni ishara kabla, kwa mfano kuinua mkono mmoja.

Barakoa ya kichwa na shingo ndiyo huwatesa watu zaidi. Ni plastiki yenye matundu, hulainishwa kwa joto, hunyooshwa usoni kisha hugandishwa kwenye kitanda ili kichwa kisisogee. Husaidia kuomba kuishika na kuiangalia kabla ya kuivaa, kuuliza kama sehemu ya macho inaweza kukatwa, na kufanya mazoezi nyumbani: lala chali, kitambaa chepesi usoni, vuta pumzi kwa puani ukihesabu hadi 4, itoe taratibu ukihesabu hadi 6, dakika tano asubuhi na jioni. Ukiwa mashineni, hesabu pumzi badala ya dakika. Hofu ikikushinda kabisa daktari anaweza kukupa dawa ndogo ya kutuliza ya kumeza kabla. Siku hiyo usiendeshe gari. Kusema "naogopa" si aibu, na wahudumu wa mashine huisikia kila siku.

Ngozi

Mabadiliko huanza wiki ya pili au ya tatu. Vitabu vingi husema ngozi "huwa nyekundu", na hilo huwapotosha wenye ngozi nyeusi na hata baadhi ya wauguzi. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Tafuta ngozi iliyozidi kuwa nyeusi, yenye joto, inayovuta, inayowasha au iliyokauka kama majivu. Usisubiri wekundu ndipo useme.

Osha kila siku kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini isiyo na manukato, kwa kiganja na si kwa dodoki. Kausha kwa kugusagusa taulo. Paka losheni rahisi isiyo na manukato mara mbili kwa siku, tabaka jembamba. Usiingie mashineni ukiwa na tabaka nene: mionzi ya mashine za kisasa hutoa dozi yake kubwa chini kidogo ya ngozi, na mafuta mazito hufanya dozi hiyo ipande hadi kwenye ngozi yenyewe. Vaa pamba iliyolegea. Usiweke barafu, wala chupa ya maji ya moto, wala plasta ya kunata ndani ya eneo hilo. Nyembe isipite, kama ni lazima unyoe, tumia mashine ya umeme. Jua lisiliguse eneo hilo, na hata baada ya matibabu lifunike au lipake kinga ya jua ya kiwango cha 30 au zaidi.

Sehemu zenye mikunjo, yaani kwapani, chini ya titi, kinenani na kati ya makalio, ndizo hubanduka kwanza kwa sababu ya jasho na msuguano. Ngozi ikibanduka na kutoa majimaji, acha losheni na uende kwa muuguzi. Inahitaji bandeji isiyoshika kidonda. Usipake dawa ya meno, asali ya jikoni, majani wala poda. Usaha, harufu au homa maana yake ni maambukizi.

Mdomo na koo

Hapa ndipo mateso ya mionzi huwa makali kuliko pengine popote, na ndipo maandalizi hulipa zaidi. Anza kusukutua siku ya kwanza, kabla ya kidonda. Changanya kijiko kimoja cha chai cha chumvi na kijiko kimoja cha chai cha soda ya kuokea (bikabonati ya sodiamu) katika lita moja ya maji safi. Isiwe hamira wala magadi. Hivyo ni vitu vingine. Sukutua kila baada ya saa mbili au tatu ukiwa macho, baada ya kila mlo na kabla ya kulala, kisha tema. Tengeneza mchanganyiko mpya kila siku. Kama maji hayo yanakuunguza, ongeza maji. Dawa za kusukutua zenye pombe ziache kabisa.

Mswaki uwe laini mno. Floraidi itumike kila siku, na mara nyingi huendelea maisha yote, kwa sababu mate yakipungua meno huoza haraka. Mate hubadilika kwanza kuwa mazito ya kunata, kisha hukauka. Chupa ndogo ya maji iwe mkononi popote uendapo.

Dawa ya maumivu hutolewa kwa ngazi. Kosa la kawaida ni kuimeza baada ya kushindwa kula. Imeze nusu saa hivi kabla ya mlo, ili ule katika muda ambao maumivu yametulia. Ukipewa dawa za jamii ya mofini usiogope kuzitumia kama ulivyoandikiwa, ila anza dawa ya kulainisha choo siku hiyohiyo, maana zitakufunga choo.

Chakula kiwe laini, cha vuguvugu au baridi, chenye nguvu nyingi kwa kiasi kidogo: mayai, mtindi, maziwa, supu iliyosagwa yenye mafuta. Limau, pilipili na vyakula vikavu vyenye kingo kali viwekwe kando. Ladha itapotea au kuwa kama ya chuma, na hurudi polepole kwa miezi. Kula kwa saa, si kwa hamu. Uzito ukishuka upesi, barakoa hulegea na mpango wa mionzi huanza kupoteza shabaha, ikabidi upangwe upya. Hii ndiyo sababu mrija wa kulishia hupendekezwa kwa baadhi ya wagonjwa. Ni daraja la muda. Hata ukiwa nao, endelea kumeza japo mafunda machache kila siku, kwa kuwa misuli ya koo isiyotumika husahau kazi na kukakamaa. Mazoezi ya kufungua taya nayo yafanywe kila siku.

Vipande vyeupe vinavyobanduka ulimini au mashavuni, pamoja na maumivu yaliyozidi ghafla, huenda ni fangasi. Hutibika kwa dawa, na wagonjwa wengi huteseka bure wakidhani ni mionzi tu.

Tumbo na nyonga

Kliniki nyingi huagiza kibofu kijae na njia ya haja kubwa iwe tupu. Kibofu kilichojaa husukuma utumbo mwembamba nje ya njia ya mionzi. Utaratibu wa kawaida ni kukojoa, kunywa mililita 300 hadi 500 za maji, kisha kusubiri dakika 30 hadi 60. Kinachohitajika si maji mengi bali kiasi kilekile na muda uleule wa siku ya upangaji, kila siku. Ukifika umechelewa, sema. Ni afadhali kusubiri.

Kuharisha huanza mara nyingi wiki ya pili hadi ya nne. Punguza nyuzinyuzi kwa muda, yaani maganda, mbegu, maharage, mboga mbichi, na pia vyakula vya mafuta mengi. Fidia maji kwa dawa ya kuongeza maji mwilini iliyo kwenye paketi. Loperamidi, dawa ya kuzuia kuharisha, husaidia, lakini usiimeze ukiwa na homa au damu kwenye choo kabla ya kumwona daktari. Ukienda choo mara nne au zaidi kwa siku juu ya zile za kawaida yako, usisubiri kliniki ya wiki. Kichefuchefu nacho huzuilika vizuri dawa ikimezwa saa moja hivi kabla ya mionzi.

Mkojo unaochoma huweza kuwa mwasho wa mionzi au maambukizi. Kipimo cha mkojo ndicho huamua. Usipunguze kunywa maji ili kukojoa kidogo, kwani mkojo mzito huchoma zaidi.

Wanawake waliopigwa mionzi ya nyonga huambiwa mara chache mno kuhusu uke kubana. Kuta zake hukauka na zinaweza kushikana. Wiki chache baada ya matibabu, daktari akishakagua na kuruhusu, hutumika kifaa laini cha kutanulia kilichopakwa kilainishi cha asili ya maji, dakika tano hadi kumi, mara mbili au tatu kwa wiki. Kwa wanaume, nguvu za kiume zinaweza kupungua taratibu ndani ya miaka miwili au mitatu, na vidonge vya kusaidia hufanya kazi kwa wengi. Muulize daktari kwa lugha ya wazi. Akiona wewe huogopi, naye hataogopa.

Kifua, titi na kichwa

Mionzi ya kifua huleta maumivu ya kumeza kuanzia wiki ya pili au ya tatu. La kuogopwa zaidi huja baadaye: mwezi mmoja hadi sita baada ya kumaliza, kikohozi kikavu, kuhema na homa ndogo vinaweza kuwa kuvimba kwa mapafu kulikosababishwa na mionzi. Hufanana na nimonia au kifua kikuu, na dawa yake ni ya jamii ya steroidi. Mwambie daktari yeyote atakayekupima kwamba ulipigwa mionzi ya kifua.

Kwa titi, inua na kuzungusha bega kila siku, la sivyo litakakamaa. Wenye saratani ya titi la kushoto huweza kufundishwa kushikilia pumzi, maana kifua kilichojaa hewa huuweka moyo mbali na mionzi.

Mionzi ya kichwa huondoa nywele za eneo lililopigwa baada ya wiki mbili au tatu. Kwa dozi za wastani huota tena ndani ya miezi mitatu hadi sita, ingawa zinaweza kuwa nyembamba. Ukipewa deksamethasoni, dawa ya steroidi ya kupunguza uvimbe wa ubongo, imezwe asubuhi pamoja na chakula, isikatishwe ghafla. Inaweza kunyima usingizi, kupandisha sukari na kumfanya mtu awe na hasira au machozi yasiyo na sababu. Familia ijue ni dawa.

Uchovu

Huu hauishi kwa kulala. Ajabu yake ni kwamba kinachousaidia zaidi ni kutembea: anza na dakika kumi, panda hadi dakika 20 au 30 siku nyingi za wiki, kwa mwendo unaoweza kuongea. Usingizi wa mchana usizidi nusu saa. Kazi muhimu ifanye saa zako za nguvu, nyingine mkabidhi mtu. Omba upimwe damu pia, kwani upungufu wa damu hujificha ndani ya "uchovu wa mionzi".

Moyo

Nao una kalenda yake. Mwanzoni ni hofu. Katikati ni kuchoka na kukereka na safari za kila siku. Kisha huja jambo lisilotarajiwa: matibabu yanaisha, watu wanapongeza, na mgonjwa ndipo analia. Kila siku kulikuwa na mtu wa kumtazama na kitu cha kufanya; sasa yuko peke yake, na madhara ya mwili yako kileleni. Panga mapema miadi au simu ya wiki ya kwanza na ya tatu baada ya kumaliza, na anayekuuguza asiondoke siku ya dozi ya mwisho.

Huzuni ni sehemu ya ugonjwa, lakini ina mpaka. Jiulize mawili: kwa wiki mbili zilizopita, je, siku nyingi nimekuwa na huzuni au kukata tamaa? Je, nimekosa hamu ya mambo niliyoyapenda? Jibu likiwa ndiyo kwa mojawapo, liandike daftarini na umwambie daktari. Mazungumzo na mtaalamu na dawa husaidia. Wazo la kujiua, au la kuacha matibabu ili yaishe yote, lisemwe siku hiyohiyo kwa mtu aliye karibu na kwa hospitali.

Upweke mwingine huletwa na watu wanaoogopa "kuambukizwa mionzi". Mionzi ya mashine ya nje haibaki mwilini. Kumbatia watoto, lala na mwenzi wako, kula nao. Tofauti ni kwa waliomeza iodini ya mionzi au kuwekewa mbegu za mionzi za kudumu, yaani chembe ndogo zinazoachwa ndani ya uvimbe. Hao hupewa masharti ya siku au wiki kadhaa, hasa kuhusu wajawazito na watoto wadogo. Fika na ndugu mmoja kliniki ayasikie haya kutoka kwa mhudumu mwenyewe.

Usingoje kesho kama

Una homa ya nyuzi 38 au zaidi. Hujaweza kunywa maji kwa siku nzima. Unatoka damu isiyokoma. Pumzi imebana ghafla. Umepata degedege au kuchanganyikiwa. Au miguu imelegea ghafla, mkojo au choo havizuiliki, pamoja na maumivu ya mgongo. Hilo la mwisho huweza kuwa uti wa mgongo umebanwa, na kila saa ina thamani.

Karatasi ya kuondoka nayo

Siku ya mwisho omba muhtasari wa maandishi: sehemu iliyopigwa, jumla ya dozi, idadi ya vipindi, na tarehe ya kuanza na kumaliza. Tunza nakala mbili. Daktari wa meno ataihitaji kabla ya kung'oa jino, hata miaka ishirini ijayo. Aliyepigwa mionzi ya shingo apimwe homoni ya TSH kila miezi sita hadi kumi na miwili, kwani tezi ya thairoidi hulegea kimyakimya na kuleta uchovu, baridi na huzuni, dalili ambazo ni rahisi kuzisingizia saratani iliyokwisha kutibiwa.